Kozi Iliyokubaliwa na Kozi Inayohesabika: Kuhama Chuo Ndani ya Jimbo la California

Si haba familia za Pwani ambazo leo zina kijana anayesoma Marekani, au dada aliyeolewa huko ambaye, watoto wakishaanza shule, ameamua naye kurudi darasani. Wengi huanzia katika chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, kwa sababu ambazo mzazi yeyote atazielewa: ada ni nafuu na mlango wake u wazi. Nia huwa ni kusoma hapo miaka miwili, kisha kuhamia chuo kikuu cha umma katika jimbo lile lile na kumalizia shahada kwa miaka miwili mingine. Ukisimuliwa barazani, mpango huo hauna kasoro. Kasoro hujitokeza siku ya kuhama, mwanafunzi anapokabidhiwa tathmini ya masomo yake na kukuta kwamba kozi alizozitolea jasho, na ambazo wazee wake walizilipia, haziko pale alipozitarajia.

Hasara hiyo imewahi kupimwa. Mwaka 2017 Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, ambayo hulifanyia uchunguzi Bunge la Marekani, ilitoa ripoti kuhusu wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009. Ilikadiria kwamba, kwa wastani, walipoteza asilimia 43 ya krediti zao. Hata wale waliotoka chuo cha umma na kuingia chuo cha umma kingine walipoteza takriban asilimia 37. Hesabu hizo ni za nchi nzima, na kila jimbo lina taratibu zake. Hapa tutaitazama California, kwa kuwa ndiyo yenye mfumo mkubwa kuliko yote wa vyuo vya jamii, na pia ndiyo iliyohangaika kwa muda mrefu kuutengeneza.

Krediti ni kipimo cha uzito wa kozi. California huziita yuniti. Kozi ya muhula mmoja aghalabu huwa na yuniti tatu au nne, na shahada ya kwanza kwa kawaida hudai yuniti 120. Mkaazi wa jimbo hulipa chuo cha jamii dola 46 kwa kila yuniti, kiwango kilichoanza 2012, hivyo yuniti 60 za miaka miwili humgharimu dola 2,760, mbali na vitabu na nauli. Mgeni aliyekwenda kwa viza ya masomo hulipa mara kadhaa ya kiasi hicho, wala hastahiki msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho. Kwa familia inayojiepusha na mikopo ya riba, fedha hizo hutoka mfukoni moja kwa moja, mara nyingi kwa mchango wa ami, shangazi na kaka walio kazini. Kozi moja ikikosa kuhesabiwa, ni watu wengi waliolipa bure.

Mzizi wa matatizo mengi umo katika maneno mawili yanayofanana masikioni. Chuo kikuu kikisema kozi yako "imekubaliwa", hakijasema kwamba "inahesabika". Kukubaliwa maana yake ni kwamba yuniti zimeandikwa kwenye jumla yako. Kuhesabika maana yake ni kwamba kozi imejaza nafasi maalumu ambayo shahada yako inaidai. Tuseme binti amesoma biolojia ya jumla katika chuo cha jamii, ile iliyotungwa kwa wanafunzi wasiosomea sayansi, akafaulu vizuri. Anapohamia kusomea shahada ya biolojia, chuo kikuu kitazipokea yuniti zake bila ubishi, lakini kitaziweka katika fungu la masomo ya hiari. Biolojia inayotakiwa na idara yake, ile yenye maabara na inayofuatana kwa mihula miwili au mitatu, bado ataidaiwa. Kwenye karatasi hakupoteza kitu. Kwenye kalenda amepoteza mwaka, kwa sababu kozi za juu hazifunguki mpaka zile za chini zikamilike.

Ndiyo maana swali la "je, kozi hii inahamishika?" ni dhaifu. Karibu kila kozi ya kitaaluma inahamishika mahali fulani. Swali lenye nguvu ni: inahamia wapi, na itajaza nafasi gani?

Kwa nini vyuo vya umma vya jimbo moja, vinavyolipiwa na walipa kodi wale wale, visikubaliane moja kwa moja? Jibu liko katika historia. Mwaka 1960, katika siku ambazo Clark Kerr alikuwa rais wa Chuo Kikuu cha California, jimbo lilipitisha Mpango Mkuu wa elimu ya juu uliovigawa vyuo katika ngazi tatu. Ya kwanza ni Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi tisa zinazofundisha shahada ya kwanza, zikiwemo Berkeley na Los Angeles. Ya pili ni Chuo Kikuu cha Jimbo la California, chenye kampasi zaidi ya ishirini. Ya tatu ni vyuo vya jamii, ambavyo leo ni 116. Mpango ulitaka mwanafunzi aweze kupanda kutoka ngazi ya tatu hadi ya kwanza. Lakini uliacha mitaala mikononi mwa walimu wa kila chuo, na walimu, popote walipo, hawapendi kupangiwa cha kufundisha. Matokeo yake, kozi ile ile ya uandishi wa Kiingereza ikawa na namba moja mtaa huu na namba nyingine ng'ambo ya mto. Mwanafunzi aliyehama chuo ndiye aliyeachiwa kazi ya kuthibitisha kuwa ni kitu kimoja. Mzigo huo, kwa maoni yangu, haukuwa wake kuubeba.

Jimbo limejaribu kuurekebisha hatua kwa hatua. Tangu 1985 kuna hazina ya pamoja iitwayo ASSIST, ambako vyuo vya umma vya California huweka mikataba ya ulinganisho wa kozi. Mtu yeyote anaweza kuifungua bila malipo, hata akiwa Kisauni au Shela. Unachagua chuo unachotoka, chuo kikuu unachokwenda na fani unayoitaka. Upande mmoja hutokea kozi zinazodaiwa na chuo kikuu, na upande wa pili kozi za chuo cha jamii zinazolingana nazo. Pale pasipo na kozi inayolingana, pameandikwa hivyo waziwazi, na mwanafunzi ajue kwamba somo hilo atalikuta mbele au alitafute katika chuo cha jamii jirani.

Mikataba hiyo isomwe kwa makini. Mara nyingine kozi mbili za chuo cha jamii ndizo zinazolingana na moja au mbili za chuo kikuu kwa pamoja, na aliyesoma nusu tu huenda asihesabiwe hata hiyo nusu. Jambo hili huwaumiza zaidi akina dada wanaohama mji katikati ya masomo kwa sababu ya kazi ya mume au uzazi: wamesoma sehemu ya kwanza ya kemia chuo kimoja, sehemu ya pili chuo kingine, na mipaka ya sehemu hizo haikuwa sawa. Ikiwezekana, mfululizo ukianzwa umalizwe pale pale.

Kuna pia suala la mihula. Vyuo vingi vya jamii hufuata mihula miwili kwa mwaka, lakini vichache, kama De Anza na Foothill, hufuata robo. Yuniti moja ya robo ni sawa na theluthi mbili za yuniti ya muhula. Kozi ya yuniti nne za robo, ikihamia chuo cha mihula, huwa yuniti 2.67. Si wizi, ni hesabu, ila mtu asiyeijua atakapojumlisha yuniti zake mwishoni atashangaa pengo limetoka wapi.

Hatua iliyosaidia wengi zaidi ni sheria ya 2010 iliyoanzisha Stashahada ya Uhamisho. Mwanafunzi akikamilisha stashahada hiyo, ambayo kwa kawaida ni yuniti 60, anahakikishiwa nafasi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la California, na katika fani inayolingana chuo hicho hakiruhusiwi kumdai zaidi ya yuniti nyingine 60. Hapa ndipo wazazi husikia nusu ya habari. Uhakika ni wa kupata nafasi katika mfumo, si katika kampasi aliyoitamani wala katika kila fani. Binti anayetaka kubaki karibu na khalati yake mjini San Diego anaweza kupewa nafasi mji mwingine kabisa, na familia ijiandae kwa mazungumzo hayo mapema.

Chuo Kikuu cha California nacho kina mpango wake wa uhakika wa kupokelewa, kupitia kampasi sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Mwanafunzi huchagua moja tu. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Kwa wasio wakaazi wa jimbo wastani wa alama unaotakiwa ili tu kuweza kuomba ni 2.8, ilhali kwa mkaazi ni 2.4, na kila mpango wa uhakika huweka kiwango chake juu ya hapo.

Sheria mbili za 2021 zimeendelea na kazi hiyo. Moja imeleta orodha moja ya masomo ya msingi inayokubaliwa na mifumo yote miwili ya vyuo vikuu, yuniti 34, kwa wanaoanza kuanzia vuli ya 2025. Nyingine imeamuru kozi zinazofanana katika vyuo vyote vya jamii zipewe namba moja. Za mwanzo ni sita, miongoni mwake uandishi wa Kiingereza, takwimu na saikolojia, na hutambulikana kwa herufi C mbele ya namba, kama ENGL C1000. Mwanafunzi aliyeanza zamani asishtuke akiona jina la kozi limebadilika. Ahifadhi tu hati za zamani.

Neno la kuhifadhi hati lina uzito wake. Muhtasari wa kozi, ule unaotolewa na mwalimu siku ya kwanza ukiwa na mada na vitabu, ndio ushahidi wa mwanafunzi pale kozi inapokataliwa. Chuo kikuu kina utaratibu wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, na mwalimu wa idara akiona mada zilizofundishwa anaweza kuubadilisha. Asiye na muhtasari ana neno lake tu. Vilevile, aliyekamilisha ile orodha ya masomo ya msingi lazima aombe chuo cha jamii kimthibitishie kwa maandishi kabla ya kuondoka. Bila uthibitisho huo, chuo kikuu kinaweza kumpima kwa masharti yake chenyewe, yaliyo tofauti.

Kukaa sana katika chuo cha jamii nako hakuna faida isiyo na kikomo. Yuniti 70 za mihula ndizo za juu kabisa zitakazoingia katika jumla yake. Zinazozidi hapo zinaweza kutosheleza somo fulani, lakini haziongezi hesabu ya kufikia shahada.

Walioko huko kwa viza ya masomo wana kamba ya ziada shingoni. Lazima wachukue angalau yuniti 12 kila muhula, hivyo hawawezi kupunguza mzigo ili kusubiri kozi moja iliyojaa. Wakihama, rekodi yao ya uhamiaji lazima ihamishwe kutoka chuo hadi chuo, na masomo mapya yaanze ndani ya miezi mitano. Nimeona vijana wakishughulikia barua ya kupokelewa kwa bidii na kuisahau rekodi hiyo hadi wiki ya mwisho.

Dada zetu wanaolenga uuguzi, na ni wengi, wanahitaji tahadhari ya peke yao. Yuniti kwa kawaida hazina umri, lakini programu nyingi za uuguzi hudai kwamba anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia ziwe zimesomwa ndani ya miaka michache iliyopita. Mama aliyezisoma kabla ya kuzaa mtoto wa kwanza, akarudi wa tatu alipoanza shule, anaweza kukuta zinadaiwa upya. Ni bora aulize programu anayoitaka kabla ya kupanga muhula wake wa kwanza wa kurudi, na pengine azisome sayansi hizo mwisho badala ya mwanzo.

Mzazi aliye Mombasa hawezi kumsomea mwanawe mikataba yote hiyo, lakini anaweza kumuuliza kwa simu, kabla hajajiandikisha muhula wa pili: unakwenda chuo kikuu kipi, kwa fani ipi, na mshauri wa masomo ameutia sahihi mpango wako? Kijana anayejibu "bado sijaamua" hajakosea, ila kila muhula asioamua unamgharimu. Na tarehe hazimsubiri. Maombi ya mpango wa uhakika wa Chuo Kikuu cha California hupokelewa mwezi wa Septemba pekee, mwaka mzima kabla ya kuhamia. Ya kawaida, kwa mifumo yote miwili, hufunguliwa Oktoba na kufungwa mwishoni mwa Novemba au siku za mwanzo za Desemba.