Tarakilishi Ikikataa, Lawama Isimwangukie Mtumiaji

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Tarakilishi ilipobisha hodi katika shule, benki na afisi zetu, tuliipokea kwa moyo huo. Tuliahidiwa kwamba foleni zingefupika, karatasi zingepungua na mtu wa kawaida angepumua. Je, mwenyeji amepona? Swali hili lilinijia jioni moja hapa mtaani Landless, mjini Thika, jirani yangu alipobisha mlango akiwa na daftari kubwa kwapani, machozi yakimlengalenga.

Jirani huyu ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye ameshika chaki kwa zaidi ya miaka 25. Siku hiyo alikuwa akiingiza alama za wanafunzi wake 52 katika tovuti ya idara moja, na siku ya mwisho ya kufanya hivyo ilikuwa kesho yake. Shuleni intaneti ilikuwa imepotea tangu asubuhi, naye akaamua kwenda kwenye saiba iliyo kando ya barabara ya Garissa. Akaketi, akacharaza jina baada ya jina, alama baada ya alama. Alipomfikia mwanafunzi wa 47, akaona heri abonyeze kitufe cha kuhifadhi kabla ya kuendelea. Ukurasa ukatoweka. Mahali pake ukatokea ujumbe wa Kiingereza uliomwarifu kwamba kikao chake kilikuwa kimekwisha. Kazi ya saa mbili ikayeyuka kama umande.

"Daktari," aliniuliza, "kikao gani? Mimi nilikuwa peke yangu."

Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulinizuia. Swali lake la pili ndilo lililonichoma zaidi: "Nimekosea wapi?"

Mpenzi msomaji, mwalimu huyu hakukosea popote. Neno la Kiingereza lililotumiwa katika ujumbe ule, kwa mwalimu, huleta picha ya mkutano wa watu au kipindi cha masomo. Kwa fundi wa programu, neno lilo hilo lina maana ya muda ambao mashine iliyo mbali hukubali kukutambua tangu ulipoingiza nywila yako. Muda huo ukipita bila mashine hiyo kupata habari kutoka kwako, hukusahau na kukufungia mlango. Tena katika tovuti nyingi za aina hii, mashine ya mbali haizioni herufi unazocharaza. Hukuona tu pale unapobonyeza kitufe cha kutuma. Kwayo, mwalimu aliyecharaza kwa saa mbili mfululizo bila kubonyeza kitufe hicho ni sawa na mtu aliyesinzia kitini.

Utaratibu huu una hekima yake. Mtu akiondoka saiba na kuuacha ukurasa wake wazi, mwingine asije akaketi pale na kubadilisha alama za watoto. Ninachokipinga ni kimya kilioutangulia ujumbe ule. Hapakuwa na sentensi hata moja, kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza, ya kumwambia mwalimu: "Hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache, la sivyo itapotea." Sentensi hiyo ingemwokoa. Badala yake, aliyeiunda tovuti aliandika ujumbe unaoeleweka na mafundi wenzake, kisha akamwachia mama wa watu aufumbue.

Kama mwanaisimu, nimekuwa nikisikiliza jinsi watu wetu wanavyozizungumzia tarakilishi zinapowasumbua. Mkenya wa kawaida hasemi kwamba kosa limetokea. Husema, "Imekataa." Kadi imekataa, nywila imekataa, mashine imekataa kama punda aliyegoma katikati ya barabara. Kitenzi hiki kinatambua kwamba upande wa pili kuna mtendaji mwenye amri zake. Lakini nenda dirishani katika afisi yoyote, nawe utasikia sentensi ya namna nyingine: "Sistimu iko chini." Katika sentensi hii hakuna mtendaji. Hakuna aliyeiangusha, hakuna anayeiinua, wala hakuna wa kuulizwa itainuka lini. Raia aliyetoka Gatuanyaga kwa nauli ya kukopa hurudi nyumbani akiwa ameambiwa habari za mvua, kana kwamba lililotokea ni kudra. Pasipo na mtendaji, lawama hutafuta pa kutua, na aghalabu humtua mnyonge. Ndiyo maana mwalimu wangu aliuliza amekosea wapi.

Magazeti na redio, sisi waandishi wa makala tukiwemo, hatujawasaidia watu hawa vya kutosha. Tunaziripoti habari za teknolojia kama vile tunaripoti matokeo ya kandanda ya ng'ambo. Mathalani, tarehe 19 Julai 2024, viwanja vya ndege, benki na hospitali katika nchi nyingi zilikwama kwa sababu kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kuzilinda tarakilishi dhidi ya wavamizi, ilisambaza sasisho lenye kasoro. Tarakilishi zipatazo milioni 8.5 ziliathirika. Habari ilitangazwa kote, lakini funzo lake kwa mtu wa kawaida halikutajwa sana: kwamba hata wakubwa wenye mafundi na fedha hukataliwa na mashine, na kwamba aliyekuwa mbele ya kioo chenye rangi ya buluu siku hiyo hakuwa mjinga.

Chukua pia habari ya Windows 10. Kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba ingekoma kuihudumia programu hiyo tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye saiba mmoja hapa mtaani aliniuliza kwa hofu kama mashine zake zingezimika usiku huo. Alikuwa amesikia kwamba Windows 10 "inakufa". Ukweli ni kwamba mashine ziliendelea kuwaka kama kawaida. Kilichokoma ni viraka vya usalama vilivyokuwa vikitolewa bila malipo, yaani marekebisho ya kuziba nyufa ambamo wadukuzi hupenya. Watumiaji wa nyumbani waliruhusiwa kujiandikisha ili wapate viraka hivyo kwa mwaka mmoja zaidi. Aidha, tarakilishi nyingi kuukuu haziwezi kuipokea rasmi Windows 11 kwa kuwa hazina kijenzi cha usalama ambacho programu hiyo inakidai. Haya ni mambo ya kuelezwa kwa sentensi tano za Kiswahili sanifu. Lakini mwenye saiba alikuwa amekaribia kuziuza mashine zake kwa bei ya kutupa.

Mfano wa tatu ni wa nyumbani. Tarehe 30 Juni 2023 serikali ilizindua mpango wa Gava Mkononi, ambao uliweka huduma zaidi ya 5,000 katika jukwaa la eCitizen. Kabla ya Julai kwisha, jukwaa hilo lilivamiwa na wadukuzi walioimiminia mitambo yake maombi mengi kuliko uwezo wake, na huduma zikakwama. Tazama basi kinaya cha mambo. Mpango ulipewa jina la lugha ya mitaani ili kila mtu ajihisi mwenyeji, lakini mlango ulipofungwa wengi hawakujua kilichotokea wala haki yao ilikuwa ipi. Jina pekee halimfanyi mtu kuwa mwenyeji.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Dai hili halina mashiko. Mradi wa Kamusi ulianza katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka wa 1994, wakati wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuigusa intaneti. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu iliyokuwa kwa Kiswahili. Mwaka uo huo Microsoft nayo ilitangaza kazi ya kuzitafsiri programu zake. Hata kabla ya hapo lugha ilikuwa imeanza kujitosheleza. Tazama kitenzi kupakua. Bibi zetu hupakua wali chunguni, na mahamali wa Mombasa hupakua shehena melini. Leo mwanafunzi hupakua kitabu kutoka mtandaoni, wala hakuna anayehitaji kuelezwa maana. Neno lilitoka jikoni na bandarini likaingia katika tarakilishi bila kelele.

Kwa nini, basi, saiba zetu bado zinazungumza Kiingereza kitupu? Sababu ya kwanza ni mazoea. Kijana amalizapo kidato cha nne huenda kusomea pakeji, na pakeji hizo hufundishwa kwa Kiingereza hadi jina la kitufe cha mwisho. Ukimpa mashine ya Kiswahili hupotea njia, kwa kuwa alikariri mahali pa vitufe badala ya kuelewa kazi zake. Sababu ya pili ni utitiri wa istilahi. Sisi huku tunasema tarakilishi, neno lililoundwa kutokana na tarakimu na akili. Watanzania wengi husema kompyuta, na wako waliopendekeza ngamizi. Tanzania ina BAKITA tangu 1967, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao yake Zanzibar, lakini uamuzi unaofanywa huko huchukua muda mrefu kufika kwenye kioo cha simu.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi walimu, nami nakiri kosa kabla ya kunyosha kidole. Tumezigeuza istilahi hizi kuwa mapambo ya insha. Mwanafunzi anaweza kukuandikia tarakilishi, kipakatalishi na kicharazio katika aya moja ili apate alama za msamiati, lakini umpeleke mbele ya mashine iliyokwama, hana sentensi hata moja ya Kiswahili ya kuieleza hali hiyo. Tangu 2016 serikali ilisambaza vishikwambi katika shule za msingi, na Chuo Kikuu cha JKUAT, kilicho jirani hapa Juja, kilikuwa miongoni mwa vilivyopewa kazi ya kuviunda. Kifaa kikaja, istilahi zikaja, lakini viwili hivyo havikukutanishwa darasani. Neno lisilotumika mahali pa shida ni nguo ya sikukuu tu.

Mtaa huu unaitwa Landless, yaani mahali pa wasio na ardhi. Siku hizi watu hununua ploti hapa na kujenga, na jina limebaki kama kumbukumbu tu. Nahofia kwamba katika ulimwengu wa tarakilishi sisi watumiaji wa kawaida bado tu maskwota. Tunaruhusiwa kuingia, kulipa na kufanya kazi, lakini vibao vyote vimeandikwa kwa lugha ya mwenye shamba, na anaweza kututoa wakati wowote kwa ujumbe tusiouelewa. Hii si huruma ninayoiomba. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Ujumbe wa kosa ni habari ya aina hiyo. Tovuti ya umma inayomtoa mwalimu nje bila onyo, kwa lugha ya mafundi, imemnyima haki, hata kama kila mstari wa programu yake hauna dosari.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, idara ya umma isizindue tovuti kabla ya kumketisha mbele yake mwalimu, mkulima na mama mboga, na kuwatazama wakiitumia bila kuwasaidia. Pale watakapokwama ndipo ujumbe wa Kiswahili unapohitajika, nao uandikwe na mtu anayeijua lugha badala ya kutafsiriwa neno kwa neno na mashine. Pili, walimu wa Kiswahili wawape wanafunzi zoezi hili: kila mmoja alete darasani ujumbe mmoja wa kosa aliokutana nao kwenye simu au tarakilishi, aeleze kilichotokea, kisha auandike upya kwa Kiswahili ambacho nyanya yake angekielewa. Humo mna sarufi, mna tafsiri, na mna maarifa ya teknolojia kwa pamoja.

Na jirani yangu je? Usiku ule tulirudi saiba pamoja. Kijana mwenye zamu alimwambia kwa upole, "Mama, sistimu iko hivyo tu." Mwalimu hakumjibu. Aliingiza wanafunzi kumi, akahifadhi. Kumi wengine, akahifadhi. Saa nne kasoro alimaliza wa 52. Kabla hatujaondoka aliomba karatasi na kalamu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: "Hifadhi kazi kila baada ya majina kumi. Ukikawia, mashine itakusahau. Hilo si kosa lako." Kijana aliisoma, akatafuta gundi, akaibandika ukutani juu ya mashine ya kwanza.

Ingali pale. Nimewaona watu wakiisoma kabla ya kuketi.