“Do”: Kitenzi Kilichopungukiwa Maana Kikaongezewa Kazi

Kitenzi “do” cha Kiingereza hufundishwa madarasa ya mwanzo kwa maana ya kufanya, na maana hiyo hutosha hadi mwanafunzi anapokutana na swali “Do you know?”, ambalo kwa Kiswahili ni “Unajua?” tu na ndani yake hakuna kinachofanywa. Wanasarufi hutenganisha hapo kitenzi kikuu, yaani kile kinachobeba maana ya tendo lenyewe, na kitenzi kisaidizi, ambacho huandamana na kikuu ili kuonyesha wakati, ukanushi au ulizi. “Do” ni vyote viwili, na katika salamu “How do you do?” hutokea mara mbili, kwanza kama kisaidizi, kisha kama kikuu chenye maana ya zamani ya kuendelea na hali fulani.

Katika Kiingereza cha Kale, kilichosemwa Uingereza kabla ya uvamizi wa Wanormandi wa mwaka 1066, neno hili lilikuwa “don” lenye irabu ndefu, na ni ndugu wa “tun” ya Kijerumani. Wataalamu wa isimu historia, tawi linalochunguza namna lugha zinavyobadilika, hulirudisha nyuma zaidi hadi kwenye mzizi wa Kihindi-Kiulaya uliomaanisha kuweka, ambao pia ulizaa “tithenai” ya Kigiriki, yaani kuweka, na “facere” ya Kilatini, yaani kufanya. Maana hiyo kongwe haijafutika, kwani “don” ya leo, kuvaa, ni mkato wa “do on”, na “doff”, kuvua, ni mkato wa “do off”, ilhali “doom”, linalotisha sasa kwa maana ya maangamizi, lilikuwa sheria au hukumu, jambo lililowekwa. Wengi hushikilia pia kwamba kiambishi “-ed” katika “loved” ni masalia ya kitenzi hikihiki kilichogandamana na vingine zamani sana, na ikiwa ndivyo, basi mtumishi huyu ameajiriwa mara mbili.

Ajira ya pili, ya kuwa kisaidizi, ndiyo yenye mvutano. Kwa karne nyingi Waingereza waliuliza kwa kupindua mpangilio, “Know you?”, na kukanusha kwa kuongeza “not” baada ya kitenzi, “I know not”, hadi karne ya 15 na ya 16 “do” ilipoanza kushika nafasi hizo; Shakespeare alitumia miundo yote miwili. Mwanaisimu wa Sweden, Alvar Ellegård, alionyesha katika utafiti wake wa mwaka 1953 kwamba muundo mpya haukuenea kwa mkupuo mmoja, bali uliwahi katika maswali ya kukanusha na ukachelewa kwa vitenzi vichache sugu, kikiwemo “know”.

Wapo wanaosema kisaidizi hicho kilitokana na “do” iliyomaanisha kusababisha mtu atende, kazi inayofanywa na “-ish-” katika “pikisha”, na wapo wanaoelekeza kidole kwenye lugha za Kikelti, kama Kiwelisi, ambazo nazo hutumia kitenzi cha kufanya kama kisaidizi. Hoja ya pili inavutia, kwa kuwa Kijerumani sanifu hakikufikia hatua ya kulazimisha kisaidizi hicho katika maswali, lakini inakabiliwa na pengo la karne nyingi kati ya Waanglo-Saksoni, wasemaji wa Kiingereza cha Kale, kukutana na Wakelti na muundo huo kuonekana wazi katika maandishi.

Kitenzi kugeuka chombo cha sarufi si ajabu kwa Mswahili, ambaye kiambishi chake cha wakati ujao, “-ta-”, kilitokana na “taka”, na umbo zima hujitokeza bado katika “atakayekuja”. Tofauti ni kwamba “-ta-” iliingia ndani ya kitenzi, ilhali “do” ilibaki nje na kuuchukua wakati kutoka kwa kitenzi kikuu. Ndiyo maana kuilinganisha “do” na “je”, kama baadhi ya walimu wanavyofanya, husaidia nusu tu: “je” huuliza bila kubeba wakati wala nafsi, na mwanafunzi aliyezoea kuuona wakati ndani ya kitenzi chenyewe, kama katika “ulikwenda”, huandika “Did you went?”, akiutaja wakati uliopita mara mbili.