Dola 15 Hazikununulii Wasomaji

Swali limenifikia tena juma hili, safari hii kutoka kwa mwanafunzi wa hapa Gihosha, Bujumbura, tena likiwa na picha ya skrini: "Mwalimu, nikitoka kwenye uanachama wa dola 5 kule Medium nikapanda ule wa dola 15, si makala zangu zitalipwa mara nne?" Hapana. Nimelijibu swali hili kwa simu, kwa ujumbe na kwa kuchora mishale kwenye karatasi. Sasa nalijibu gazetini, na atakayelirudia nitamtumia ukurasa huu bila hata salamu.

Tuanze na hiyo picha yake. Inaonyesha viwango viwili vya Medium, jukwaa la kuchapisha na kusoma makala mtandaoni. Uanachama wa kawaida ni dola 5 kwa mwezi. Wa juu, unaoitwa Friend of Medium, ni dola 15 kwa mwezi au 150 kwa mwaka. Chini ya huu wa juu umo mstari unaotaja "mara nne", na hapo ndipo watu wanapoacha kusoma, wakaanza kutafuta ndugu mwenye kadi ya Visa. Wangeumaliza mstari wenyewe wangeona kwamba mara nne hizo ni za waandishi utakaowasoma wewe. Ukilipa dola 15, wewe ndiye mtoaji.

Fedha yenyewe inakwenda hivi. Msingi wa malipo ya mwandishi ni muda ambao wanachama wanaolipa wanautumia kusoma kazi yake, pamoja na dalili kwamba imewagusa: wamepiga makofi, wamejibu, wamepigia mstari sentensi fulani. Mwanachama wa Toronto akikusoma kwa dakika sita, kinachohesabiwa ni uanachama wake yeye, wala hakuna anayeuliza wewe unalipa ngapi. Akiwa ni Friend of Medium, usomaji wake unakuletea zaidi. Ukiwa wewe ndiye Friend, na wasomaji wako ni binamu zako wa Buyenzi na wenzako wa chuo ambao hawajawahi kulipa hata senti, dola zako 15 hazijabadilisha chochote katika hesabu yako.

Kuna wanaojitetea kwamba mfumo "huwapandisha" wanaolipa zaidi. Wananiambia hivyo kwa uhakika kabisa, halafu nikiomba ushahidi naletewa video ya mtu anayeuza kozi. Njia ya makala kusambazwa kwa nguvu pale Medium inaitwa Boost, na ilianza mwaka 2023. Wahariri na wateuzi, binadamu wenye macho, hupendekeza makala, na watu wa Medium huamua. Wanaangalia kama mwandishi anakijua anachokisema, kama ana jambo jipya, kama ameandika vizuri. Kiwango cha ada yako si kigezo.

Lililonichosha kuliko yote ni ile "dawa" ya vikundi vya WhatsApp: watu kumi wanajiunga kwa dola 15 kila mmoja, kisha wanasomana kila siku ili hizo mara nne zizunguke ndani ya kikundi. Wanadhani wamebuni ikirimba. Katika ikirimba, fungu la mchango humfikia mwenye zamu likiwa zima. Hapa kikundi kinatoa dola 150 kwa mwezi, jukwaa linabakisha sehemu yake kabla ya kugawa, na kinachogawiwa kinawahusu waandishi wote ambao wanakikundi wamewasoma. Kisha kuna kodi: Burundi haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mapato yanayohesabiwa kuwa ya huko yanaweza kukatwa hadi asilimia 30. Ongeza gharama ya kuhamisha fedha. Na hata kama hesabu ingekubali, kanuni za jukwaa zinakataza kusomana kwa makubaliano, na anayebainika anaweza kuondolewa kwenye malipo. Mnalipa kwa dola ili mfukuzwe.

Nazo dola zenyewe, kwa mtu wa Bujumbura, si za kuchezea. Kwa bei rasmi ya mwaka 2025, dola moja ilikuwa chini kidogo ya faranga 3,000, na mtaani ilipita maradufu. Dola 150 ni zaidi ya laki nne ukihesabu kwa karatasi ya benki, na zaidi ya laki tisa ukizitafuta kwa wanaouza kweli. Medium haipokei pesa za simu za Lumicash wala Ecocash, hivyo mwenye kadi atakayekulipia naye atataka chake.

Basi ufanye nini? Kama unaanza, usilipe: kuchapisha ni bure, na makala yako mwenyewe unaweza kuwapa wasiolipa kwa kiungo maalumu bila kupanda daraja. Kama unataka kuingia kwenye mpango wa malipo, uanachama wa dola 5 unatosha, ila kwanza soma orodha ya nchi zinazokubaliwa. Nchi yako ikikosekana, dola 15 haziiongezi. Lipia mwezi mmoja kabla ya mwaka. Uchukue wa juu ikiwa unasoma sana, una nafasi, na unataka waandishi unaowapenda wapate zaidi, au unataka kuwagawia marafiki makala za wengine zilizofungiwa. Substack, jukwaa jingine la waandishi, kuanza ni bure, na hukata asilimia 10 ya mauzo, lakini malipo yake hupita Stripe, kampuni ya malipo ambayo haifungui akaunti Burundi. Ukiandika Kifaransa au Kirundi, wapelekee Yaga, jukwaa la wanablogu wa Burundi; kuna wahariri. Ukiandika Kiswahili na una mswada mzima, ipo Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo imewahi kumpa mshindi wa kwanza dola 5,000. Na kama bado unawashwa na hizo dola 10 za tofauti kwa mwezi, nunua data na umlipe mhariri akusahihishie makala mbili tatu.

Uanachama wa dola 15 ni zawadi kwa waandishi wengine. Ni zawadi nzuri, na anayeweza aitoe. Anayetafuta kipato asiulipie.