Watoto wa Paris Waliowatangulia Mama Zao

Tumezoea kuamini kwamba nguo za mtoto hufuata za mkubwa: mama akibadili mtindo, binti naye hushonewa uleule kwa kipimo kidogo. Ufaransa ya mwanzo wa karne ya 20 inatia shaka imani hiyo. Mwaka 1905 mwanamke wa Paris mwenye uwezo alikuwa bado amebanwa na korseti, sketi ikiburura chini, ilhali binti yake mdogo alivaa gauni jepesi lisilobana tumbo, mkanda umekaa nyongani, pindo likiishia magotini. Mtazame sasa mama wa mwaka 1926: kiuno kimeshuka, tumbo limeachiwa, miguu inaonekana. Hilo ni gauni la binti, limekua tu. Mbunifu wa mavazi Jeanne Lanvin ni shahidi mzuri. Alianza na duka la kofia mwaka 1889. Alipompata bintiye Marguerite mwaka 1897, akawa anamshonea nguo nzuri mno hata wateja wa kofia wakataka za watoto wao. Mwaka 1908 akafungua idara ya nguo za watoto, na mwaka uliofuata ndipo akaingia katika nguo za wasichana na kina mama.

Atasema mtu kwamba mbunifu wa mavazi Paul Poiret ndiye aliyeiondoa korseti, na Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyofupisha gauni. Sikatai, ila Poiret huyohuyo baadaye aliwashonea wanawake sketi za kubana miguu, hata kupanda gari ikawa kazi. Vita navyo vilileta haja ya wepesi, lakini haja haikati kitambaa. Mkato ulikuwa tayari chumbani kwa watoto. Pingamizi zito zaidi ni la tabaka, kwani Lanvin hakuwashonea watoto wa wachimba makaa. Wengi wao walikwenda shule na joho jeusi la kuficha wino na vumbi. Hata hivyo, wepesi haukubaki kwa matajiri. Mwaka 1918, katika mji wa Troyes wenye viwanda vingi vya nguo za kufuma, Étienne Valton wa kampuni ya nguo ya Petit Bateau alikata miguu ya suruali ndefu ya ndani, akatia lastiki badala ya vifungo, na mtoto akapata chupi ya pamba ya kufuliwa kila mara bila kuharibika. Basi anayeianza historia ya gauni la miaka ya 1920 kwa Poiret peke yake ameanzia katikati.