Asili ya Neno Umeme

Zamani umeme lilikuwa jina la mwanga umulikao mawinguni wakati wa mvua. Siku hizi ni jina pia la nguvu ipitayo katika waya na kuwasha taa. Je, waliolitumia hivyo walikosea? La! Mwaka 1752 majaribio yaliyofanywa kwa shauri la Benjamin Franklin wa Marekani yalithibitisha kwamba vyote viwili ni kitu kimoja. Ndugu zetu wa Kenya husema stima, neno lililotoka katika Kiingereza, likatumika kwanza kwa meli na mitambo ya mvuke. Lakini neno letu lina onyo ndani yake. Basi walimu, wafundisheni watoto: waya ulioanguka usiguswe kamwe, maana aushikaye ashika umeme ule ule wa mawinguni.