Meno ya mwanao yamefungwa nyaya, mbona hayasogei?

JE, mwanao amefungwa nyaya za meno, umelipa kiasi cha pesa kinachokuuma hadi leo, na sasa miezi inapita lakini lile pengo lililobaki jino lilipong'olewa lingali wazi? Usikimbilie kumlaumu daktari, wala usimgombeze mtoto. Huenda kinachochelewesha mambo ni kitu ambacho wengi wetu tulifundishwa shuleni tukakisahau mara tu baada ya mtihani, nacho ni msuguano.

Hebu kwanza tuchungulie kilichomo kinywani. Juu ya kila jino daktari hubandika kwa gundi maalumu kijidude kiitwacho breketi. Kila breketi ina mfereji mdogo, na ndani ya mfereji huo hupita waya uliokunjwa kama upinde kufuata umbo la taya. Mfereji wenyewe ni mwembamba ajabu. Ukiigawa inchi moja mara elfu, upana wake huwa ni sehemu 18 au 22 tu, yaani karibu nusu ya milimita. Mtindo huu uliletwa na daktari Mmarekani, Edward Angle, katika miaka ya 1920, na ingawa yeye alifariki mwaka 1930, nyaya nyingi unazoziona vinywani leo bado zinafuata wazo lake.

Jino nalo halikupigiliwa katika taya kama msumari kwenye ubao. Limeshikiliwa na nyuzinyuzi laini zinazouzunguka mzizi. Likivutwa polepole, mfupa ulio mbele yake huliwa na mwingine mpya hujengwa nyuma yake. Mambo yakienda sawa, jino husafiri kama milimita moja kwa mwezi. Pengo la jino moja huwa na milimita saba hivi. Piga hesabu mwenyewe, kisha ongeza ile miezi ya mwanzo ambayo daktari huitumia kuyapanga meno kwenye mstari kabla hata ya kuanza kuziba pengo. Utaona kwamba mzazi anayetarajia kazi imalizike kabla ya mtoto kubadilisha kidato anajidanganya.

Sasa tuje kwenye msuguano wenyewe. Tuseme daktari anataka kuirudisha nyuma chonge ili izibe pengo. Huifunga kamba ya mpira au springi kutoka kwenye gego, na chonge hutarajiwa kuteleza juu ya waya kama pete ya pazia inavyoteleza juu ya fimbo yake. Lakini wewe umewahi kuvuta droo ya kabati kuukuu kwa pembe moja. Je, ilitoka? Ilikwenda mshazari, ikauma kingo na kukwama. Jino hufanya vivyo hivyo. Linavutwa kichwani ilhali mzizi umezikwa katika mfupa, kwa hivyo kichwa hutangulia na jino huinama. Linapoinama, pembe za mfereji wa breketi huubana waya na safari husimama.

Kisha waya, kwa kuwa ni mgumu na unataka kunyooka, huusukuma mzizi pole pole hadi jino lisimame wima. Hapo breketi huachilia, jino huteleza kidogo, huinama tena, hukwama tena. Kwa hakika jino haliendi kama gari barabarani. Huenda kama mzee apandaye mlima, hatua moja kisha pumziko. Yule anayeangalia kinywani kila asubuhi mbele ya kioo hataona kitu.

Watafiti waliopima jambo hili katika maabara waligundua kwamba msuguano na mbano huo vinaweza kumeza hata nusu ya nguvu anayoiweka daktari. Ubaya ni kwamba kiasi kinachomezwa hakilingani kutoka jino moja hadi jingine, na daktari hana kipimo cha kumwonyesha kinywani mwa mgonjwa ni nguvu kiasi gani iliyofika kwenye mzizi.

Huenda ukauliza, basi kwa nini asivute kwa nguvu zaidi? La hasha! Jino likivutwa kupita kiasi, zile nyuzinyuzi hugandamizwa hadi damu ikashindwa kupita. Sehemu hiyo hufa, na jino husimama kabisa mpaka mwili usafishe uchafu huo. Isitoshe, mzizi wenyewe unaweza kuanza kulika na kuwa mfupi, na mzizi uliolika haukui tena. Ndiyo sababu mwonye mwanao asijiongezee mipira ili amalize upesi. Kuna vijana ambao hutia bendi ya mpira moja kwa moja kuzunguka meno ya mbele ili kuziba mwanya. Bendi hiyo huteleza chini ya ufizi, haionekani tena, nayo hukata mfupa kimya kimya hadi meno mazima yasiyo na tundu hata moja yanalegea na kung'oka. Hili si jambo la kutishia watoto. Hutokea.

Aidha, vyuma havilingani. Waya wa chuma cha pua, ambao ulianza kuchukua nafasi ya dhahabu katika miaka ya 1930, ni laini na ndio unaoteleza vizuri zaidi. Waya wa nikeli na titani, ulioletwa kwenye tiba ya meno na George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa mapema katika miaka ya 1970, hupindika sana bila kuvunjika na hurudi katika umbo lake, kwa hivyo hutumiwa mwanzoni meno yanapokuwa yamepandana. Kuteleza kwake hakufikii cha pua. Kuna na ule wa aina ya titani uliokuja mwaka 1980, mzuri kwa kukunjwa, lakini husugua kuliko wote.

Na zile breketi nyeupe za kauri ambazo mabinti hulilia kwa kuwa hazionekani kwa mbali? Zinapendeza, sikatai. Lakini kauri ni ngumu kuliko chuma, na hukwaruza waya na kuutia pengo ambalo breketi hunasa ndani yake. Baadhi ya watengenezaji huweka ukuta wa chuma ndani ya mfereji ili kupunguza shida hiyo. Kabla ya kulipa, muulize daktari kama za kwake zina ukuta huo.

Kuna pia breketi zenye kijimlango kinachoufungia waya ndani, zisizohitaji vijipira. Wazo hili si geni, kwani Jacob Stolzenberg wa New York alilitangaza mwaka 1935. Zilipovuma upya kuanzia miaka ya 1990, wauzaji walidai kwamba kwa vile zina msuguano mdogo, matibabu yangekwisha haraka. Katika maabara kweli ziliteleza. Lakini kufikia mwaka 2010, uchunguzi uliokusanya matokeo ya wagonjwa wenyewe haukuonyesha kwamba walimaliza mapema kwa kiasi cha maana. Ukiniuliza mimi, usitoe pesa zaidi kwa ahadi ya upesi pekee.

Lililo mikononi mwako, msomaji, ni usafi na tarehe. Uchafu wa chakula unaoganda juu ya waya huufanya mkwaruzo. Mswaki upite juu na chini ya waya kila baada ya mlo. Miwa, mahindi ya kuchoma na mifupa viwekwe kando, kwa sababu waya uliopinda, hata kidogo tu, hauwezi kupita katika mfereji wa nusu milimita.

Kuhusu tarehe, wenye watoto katika shule za bweni ndio wanaoumia. Kamba ya mpira hupoteza karibu nusu ya nguvu zake katika siku ya kwanza, na baada ya mwezi hubaki na kidogo tu. Mwanafunzi anayengoja hadi shule zifungwe ndipo amwone daktari huwa amebeba chuma kisichofanya kazi kwa wiki nyingi. Zungumza na mwalimu mkuu mapema, umpelekee barua ya daktari yenye tarehe zote za muhula, ili mtoto asilazimike kuomba ruhusa kila mara kana kwamba anatoroka.

Jambo la mwisho ni kwa wale wanaojivunia mwanya, pambo lililosifiwa na wahenga wetu. Waya hauujui uzuri huo na utauziba pamoja na mapengo mengine. Kama mwanao anautaka, amwambie daktari siku ya kwanza. Daktari anaweza kuweka kizuizi kidogo juu ya waya kati ya meno hayo mawili, nayo meno yakateleza yakakomea hapo.