Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Mtindo wa Mwingine katika Sanaa za Kujihami

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na katika kumbi za sanaa za kujihami ngozi hiyo huvutwa kwa nguvu ajabu. Mcheza karate anayetazama judo kwa mara ya kwanza aghalabu huuliza kwa nini watu wawili wazima wang'ang'anie kola za mavazi ilhali ngumi moja ingemaliza kazi. Mcheza judo naye, akiwaona wenzake wa karate wakipiga hewa katika kata, hushangaa adui yuko wapi. Hakuna kati yao aliyeuliza mtindo huo ulibuniwa kutenda nini, na chini ya kanuni zipi.

Msomaji wa ushairi hatapata taabu hapa. Anayeulaumu utenzi kwa kuwa mshororo wake una mizani 8 badala ya 16 za shairi hakosoi chochote. Anafichua tu kwamba hajui amesimama katika bahari gani. Vivyo hivyo, judo ya mashindano hairuhusu ngumi wala teke, kwa kuwa shabaha yake ni kumwangusha mtu chali, kumbana chini, kumkaba au kumpinda kiwiko hadi asalimu amri. Taekwondo ya Olimpiki hairuhusu kukamata na kuangusha, na ngumi haipigwi usoni. Ndiyo maana mikono ya mcheza taekwondo huning'inia chini kwa namna inayomkera bondia. Huo si uzembe bali ni zao la kanuni. Mazoea hayo yaweza kumponza mbele ya bondia, naam. Lakini bondia naye huponzwa na mateke asiyozoea kuyakinga.

Historia ya judo yenyewe inafunza mengi kwa mintarafu hii. Jigoro Kano aliiasisi mjini Tokyo mwaka 1882, katika chuo cha Kodokan, baada ya kusomea mitindo miwili ya jujitsu: Tenjin Shin'yo, iliyomjuza kukaba na kubana, na Kito, iliyomfunza kuangusha. Mwaka 1922 Gichin Funakoshi, mwalimu wa karate kutoka Okinawa, alifika Tokyo kuonyesha sanaa ambayo wengi huko hawakuijua. Kano alikwisha kuwa mtu mashuhuri, na angeweza kumpuuza mgeni yule. Badala yake alimwalika Kodokan. Karate nayo ikachukua kutoka kwa judo vazi jeupe na mfumo wa mikanda na madaraja. Kwa hiyo mkanda mweusi ambao mcheza karate hujivunia mbele ya mcheza judo ni wa kuazima! Mwaka 1930 Kano alizuru ukumbi wa Morihei Ueshiba, mwasisi wa aikido, kisha akawatuma baadhi ya wanafunzi wake, akiwemo Minoru Mochizuki, wakajifunze huko.

Si wote waliokuwa na subira hiyo. Mwaka 1993, mjini Denver, Marekani, yalifanyika mashindano ya kwanza ya UFC yaliyokutanisha watu wa mitindo mbalimbali. Royce Gracie wa Brazil, mwembamba kuliko wapinzani wake, alishinda mapambano 3 usiku mmoja kwa kuwapeleka chini. Waliodharau mieleka wakanyamaza. Punde ikazuka dharau mpya, kwamba kila mtindo wa kusimama ni bure. Nayo haikudumu. Wapigaji walijifunza kuzuia kuangushwa, na mwaka 2009 Lyoto Machida, aliyelelewa katika karate, akatwaa taji la UFC.

Anayelipia dharau ya walimu ni mwanafunzi. Akiaminishwa kwamba hakuna atakayemfikia mwilini, hatajifunza kuanguka, ilhali kuanguka bila kuvunjika mkono ndilo somo la awali kabisa la judo, nalo humfaa hata anayeteleza ngazini. Somo hilo halisomwi kwa kutazama kutoka ukutani. Humbidi mwenye mkanda mweusi auache mlangoni, afunge mweupe, na aangushwe na kijana wa miezi sita.

Hata hivyo, kusubiri si kukubali kila dai. Wapo wanaojigamba kwamba huwaangusha watu bila kuwagusa. Hao nao wasikilizwe kwa adabu, kisha waombwe wamwangushe mtu ambaye si mwanafunzi wao.